Bunduki Haiuzwi Kama Mbuzi: Uchunguzi wa Mnunuzi na Mauziano ya Mtu na Mtu Mpakani

Mazungumzo ya maafisa wa uhusiano wa jamii mbele ya baraza la wananchi wa mpaka wa Uganda na Kenya

Tunawashukuru kwa kuacha mifugo, mashamba na vibanda vya biashara ili mje kutusikiliza. Twafahamu kwamba wito wa polisi si wito ambao kila mtu huuitikia kwa furaha. Kwa sababu hiyo tutasema jambo moja tu, tutalisema waziwazi, na kisha tutawaachia ninyi nafasi ya kuuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Bunduki inapotoka mkononi mwa mtu mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine, bila duka, bila kituo, bila karatasi, ni nani aliyemchunguza huyo wa pili?

Sisi watu wa mpakani tumezoea kuuziana kwa kuaminiana. Mbuzi huuzwa kwa neno la mdomo, ng'ombe hubadilishwa mbele ya shahidi mmoja, na pikipiki huweza kumaliza mwezi mzima kwa mnunuzi kabla fedha hazijakamilika. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tumeoana, tumezikana, tumekopeshana. Uaminifu huo ni mali yetu, nasi hatukuja hapa kuukashifu.

Lakini bunduki si mbuzi. Mbuzi akiangukia mikononi mwa mnunuzi mbaya, hasara humfika mbuzi. Bunduki ikiangukia mikono mibaya, hasara humfika mtu ambaye hakuwepo sokoni, hakusikia bei, wala hakuulizwa rai yake. Ndiyo maana sheria haikuwaachia muuzaji na mnunuzi peke yao uamuzi huo. Imemwingiza mtu wa tatu, naye ni jamii nzima, kwa njia ya uchunguzi wa mwenendo wa anayetaka kumiliki.

Tueleze uchunguzi huo ni kitu gani, maana wengi husikia jina lake bila kuujua mwili wake. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kununua, kupata wala kukaa na bunduki bila cheti halali kwa bunduki hiyo. Mwenye mamlaka ya juu ya kutoa vyeti ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Hata hivyo, safari ya maombi haianzii Kampala. Huanzia kijijini, kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye huulizwa kama anamjua mwombaji na kama mwenendo wake ni mwema. Kutoka hapo maombi hupanda hadi kwa maafisa wa usalama na polisi wa wilaya, kisha mkoani, ndipo yafike makao makuu. Kila ngazi huuliza maswali yaleyale kwa sauti tofauti: je, mtu huyu amewahi kuhukumiwa? Ana ugomvi wa ardhi au wa ndoa unaofuka moshi? Analewa? Akili yake imetulia? Sababu yake ya kutaka silaha ni ya kweli?

Ng'ambo, Kenya, mambo yamepangwa kwa namna inayofanana. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, humtaka mwombaji athibitishe sababu ya kuridhisha, na humkatalia mlevi na asiye na akili timamu. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, kazi hiyo iko chini ya bodi maalumu ya leseni. Tena Kenya ilikumbuka jambo moja ambalo ni rahisi kusahaulika: mtu hubadilika. Mwezi Desemba 2018 serikali yake iliwaagiza raia wote wenye leseni wajitokeze ndani ya siku 90 wachunguzwe upya. Aliyekuwa mtulivu alipopewa cheti huenda leo amefilisika, amefarakana na nduguze, au ameingia katika ulevi. Cheti cha jana si ushahidi wa moyo wa leo.

Sasa tufike penye kiini cha mazungumzo yetu, yaani mauziano ya mtu na mtu. Wako wanaodhani kwamba uchunguzi ni wa dukani tu, na kwamba bunduki ikishanunuliwa kihalali mara ya kwanza, mwenyewe aweza kuiuza apendavyo, kama auzavyo redio yake. Sivyo. Cheti hakisafiri na bunduki. Cheti ni cha mtu, na bunduki iliyoandikwa humo haimhalalikii mwingine yeyote, awe mdogo wake wa tumbo moja, awe shemeji yake, awe rafiki waliyetahiriwa pamoja. Muuzaji binafsi anapaswa kwanza kuona cheti kinachomruhusu mnunuzi kuipata bunduki ileile. Asipokiona, hakuna mauzo. Na mauzo yakifanyika, wenye kutoa leseni wajulishwe, ili daftari lao lijue bunduki imelala wapi usiku ule.

Katika jambo hili nchi zetu hazisimami kila moja peke yake. Mwezi Aprili 2004 mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, yakiwemo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 2006. Itifaki hiyo inazitaka nchi kuandikisha katika daftari moja silaha zote za raia. Inawakataza raia kumiliki bunduki za kujifyatua zenyewe mfululizo na zile za kivita. Tena inakataza jambo ambalo huku kwetu hutendeka kimyakimya, nalo ni kuweka bunduki rehani. Mwenye shida ya karo huipeleka bunduki kwa mwenye fedha, akaahidi kuikomboa baada ya mavuno. Hakuiuza, asema, aliiweka tu. Lakini kwa miezi mitatu ile bunduki ilikaa nyumbani mwa mtu ambaye hakuna aliyemchunguza. Kuuza, kuweka rehani, kuazimisha kwa usiku mmoja: kwa yule aliyepigwa risasi vyote ni kimoja.

Vijana wetu hutuuliza swali, nasi twalipokea kwa sababu ni swali la haki. Husema: mbona Marekani mtu humwuzia jirani yake bunduki bila kuulizwa? Mbona ninyi mwatubana? Tuwajibu kwa ukweli, kwa maana habari hiyo ina mafunzo kwetu.

Marekani ilipitisha mwaka 1993 sheria ijulikanayo kwa jina la Brady, na tangu mwezi Novemba 1998 nchi hiyo ina mfumo wa kitaifa wa kumchunguza mnunuzi. Mwenye duka lenye leseni hujaziwa fomu, huuliza mfumo huo, na mara nyingi hupata jibu papo hapo: muuzie, mkatalie, au subiri. Hukataliwa aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, aliyempiga mke au mume, mkimbizi wa sheria, na wengineo. Lakini sheria hiyo ya taifa zima iliwafunga wafanyabiashara wenye leseni. Haikumfunga raia wa kawaida anayemwuzia mwenzake wa jimbo lilelile. Raia huyo amekatazwa kumwuzia mtu anayejua kuwa hastahili, lakini hakulazimishwa kuuliza. Na asiyeuliza hujuaje?

Tarehe 31 Agosti 2019, katika miji ya Midland na Odessa huko Texas, mtu mmoja aliwaua watu saba kwa bunduki na kuwajeruhi wengine wengi. Mtu huyo alikuwa amejaribu kununua bunduki dukani mwaka 2014, akachunguzwa na kukataliwa. Uchunguzi ulifanya kazi yake. Baadaye aliipata bunduki kwa muuzaji binafsi, pasipo uchunguzi wowote. Muuzaji huyo alikuja kufungwa miaka miwili kwa kufanya biashara ya silaha bila leseni. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, wa nyuma ulikuwa wazi.

Yako majimbo ya huko yaliyoamua kuufunga mlango huo. California ilianza mapema, mwaka 1991. Colorado ilifuata mwaka 2013, na Washington mwaka 2014 kwa kura ya wananchi wenyewe. Huko, watu wawili wakitaka kuuziana hupaswa kwenda mbele ya mwenye duka aliye na leseni, naye humchunguza mnunuzi kana kwamba bunduki ni ya dukani mwake. Hata hivyo majimbo hayo nayo yana mipaka. Mji wa Chicago uko karibu na mpaka wa jimbo la Indiana, ambako sheria ni nyepesi, na polisi wa Chicago walipofuatilia asili ya bunduki walizokamata, waliona kwamba nyingi zilinunuliwa kwanza nje ya jimbo lao, hasa Indiana. Sisi watu wa mpakani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Ukali wa upande mmoja hupoteza nguvu pale upande wa pili unapofumba macho.

Tutoe mfano, si wa mtu fulani, bali wa jambo liwezalo kumtokea yeyote kati yetu. Mzee mmoja alikuwa na bunduki ya kulindia mifugo, yenye cheti kamili. Mzee akafariki. Kijana wake, akiwa na deni la hospitali na mazishi, akamwuzia shemeji yake wa ng'ambo. Wote wawili ni watu wema. Hakuna aliyekusudia ubaya. Baada ya miaka miwili shemeji naye akaishiwa, akamwuzia mtu aliyemjua kwa sura tu. Siku moja duka likavamiwa, mlinzi akauawa, na ganda la risasi likaokotwa sakafuni.

Mwezi Juni 2018 Rais wa Uganda alilieleza Bunge hatua kadhaa za usalama, mojawapo ikiwa kuchukua alama za bunduki zote, ili ganda likiokotwa liweze kulinganishwa na bunduki iliyolitoa. Basi ganda lile lililookotwa litaelekeza wapi? Litaelekeza kwa jina lililomo daftarini, jina la marehemu. Na polisi watabisha hodi nyumbani kwa mjane wake. Mjane ataulizwa ilipo bunduki. Kijana atasema aliiuza. Kwa nani? Cheti chake kiko wapi? Hati iko wapi? Shemeji hana hati. Hivyo nyumba mbili za watu wema zitaburutwa mahakamani, na ndoa iliyokuwa daraja kati ya nchi mbili itaingia ufa. Mlinzi aliyeuawa, naye, alikuwa na mke na watoto. Kijana huyu hakuuza bunduki peke yake siku ile. Aliuza pia jina la baba yake.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja jeraha la ndugu zetu wa Karamoja, Turkana na Pokot. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki kwa maelfu zikaingia manyattani. Zilibadilishwa kwa ng'ombe, zikatolewa mahari, zikavuka mpaka na kurudi. Serikali ikaanzisha ukusanyaji wa silaha mwaka 2001, tena mwaka 2006, na tena Julai 2021 kwa operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote. Twajua yaliyotendeka. Yako manyatta yaliyosalimisha silaha zao kwa nia njema, yakaporwa mifugo na majirani ambao hawakuguswa. Mzee aliyepoteza kundi lake kwa sababu alitii serikali ana haki ya kututazama kwa jicho la shaka, nasi hatutamwambia kwamba shaka yake ni ujinga.

Tunamwambia hivi: fundisho la miaka ile ni kwamba upande mmoja ukisafishwa na wa pili ukaachwa, bunduki hurudi kama maji yarudiavyo bonde. Ndiyo sababu tarehe 12 Septemba 2019 marais wa Uganda na Kenya walitia sahihi, palepale Moroto, makubaliano ya amani na maendeleo ya jamii za mpaka huo. Karatasi hiyo ina thamani iwapo tu muuzaji wa upande huu na mnunuzi wa upande ule watajua kwamba kanuni ni moja. Tena lieleweke: bunduki ya kivita haina cheti cha raia. Hata mnunuzi wake awe mchamungu, hakuna uchunguzi wa kuihalalisha. Njia yake ni moja, kusalimishwa. Na silaha ya serikali iliyokabidhiwa mlinzi wa kijiji au polisi wa akiba si yake kuiuza wala kuiazimisha, hata kwa saa moja.

Wenyeviti wetu wa vijiji, sasa twawaelekea ninyi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Daftari la Kampala au la Nairobi ni fimbo ya mbali. Halijui kwamba mwombaji alimtishia kaka yake juu ya mpaka wa shamba wiki iliyopita. Halijui kwamba mkewe hulala kwa jirani kila mwisho wa mwezi. Ninyi mwajua. Mnapoulizwa kuhusu mwenendo wa mtu na mkatia sahihi kwa sababu ni mtu wa ukoo wenu, au kwa sababu ya kitu kidogo kilichowekwa chini ya karatasi, uchunguzi wote wa juu hujengwa juu ya uongo huo. Kukataa kwenu kwaweza kuwaletea chuki, twalijua. Kwa hiyo mkiwa na shaka ambayo hamwezi kuiandika mbele ya mwenyewe, njooni mtuambie kwa siri.

Wananchi wenzetu, tunawaomba mshike mambo haya.

Kwanza, mwenye bunduki ya halali akitaka kuiuza, aanzie kituoni, wala asianzie kwa mnunuzi. Aje na cheti chake na bunduki isiyo na risasi, naye mnunuzi aje na cheti chake. Mauzo yaandikwe mbele ya afisa.

Pili, mwenye bunduki akifariki, jamaa wailete kituoni ihifadhiwe, wapewe hati ya kupokelewa kwake. Mrithi anayeitaka aombe cheti chake mwenyewe na achunguzwe kama mwombaji mwingine yeyote. Msiisubiri arobaini.

Tatu, pasiwepo kuweka bunduki rehani wala kuazimisha. Mwenye shida ya fedha aweke baiskeli, aweke ng'ombe, atafute chama cha akiba na mikopo.

Nne, bunduki haivuki mpaka kwa mauzo ya mtu na mtu. Cheti cha Uganda hakimchunguzi mtu wa Kenya, wala cha Kenya hakimchunguzi wa Uganda. Kuingiza na kutoa silaha kuna vibali vyake, navyo hutolewa na serikali, si na ujamaa.

Tano, mtu akikuletea bunduki kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini anaiacha kwa bei hiyo. Usipokee, usiifiche, na utupe habari upesi.

Nasi tuna deni kwenu, nalo twalitaja mbele ya mashahidi. Tumesikia kwamba wako walioleta silaha vituoni wakasimamishwa kutwa nzima, wakahojiwa kama wezi, au wakaombwa fedha ya kuharakisha karatasi. Mahali palipotendeka hayo, palitendeka kosa, na kosa hilo huuza bunduki nyingi gizani kuliko tamaa ya muuzaji yeyote. Mwananchi akiona njia ya halali ni ndefu na ya aibu, ataitafuta ya mkato. Twaahidi kwamba anayekuja mwenyewe na silaha yake atapokewa kwa heshima, ataandikiwa hati, na ataelezwa hatua inayofuata. Asipotendewa hivyo, atupe habari sisi wa uhusiano wa jamii, nasi tutamfikishia mkuu wa polisi wa wilaya malalamiko yake.

Tumesema mengi juu ya vyeti na madaftari, lakini yote yarudi kwenye lile swali la mwanzo. Kabla bunduki haijaondoka mkononi mwako, uliza: ni nani amemchunguza anayeipokea? Ukiona jibu ni kwamba hakuna, irudishe ndani, funga mlango, kisha njoo utuone.

Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na wazee na akina mama, kisha vijana. Mungu awarudishe salama majumbani kwenu, pande zote mbili za mpaka.